Nani Aliyefunga Mzigo Huu?

Kwa takriban miaka kumi, mojawapo ya programu zilizosifiwa zaidi katika kazi ya kusafirisha barua pepe haikupatikana kama zinavyopatikana programu nyingine. Aliyeitaka hakuletewa kitu kilichokwisha kuiva. Aliletewa msimbo chanzo, yaani maandishi ya mwandishi wa programu kama yalivyotoka mkononi mwake, kisha akaachiwa kazi ya kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Programu hiyo ni qmail. Mwandishi wake ni Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago. Na sababu ya hali hiyo haikuwa ugumu wa kiufundi pekee. Ilikuwa leseni.

Bernstein alianza kuiandika mwaka 1995, na maelezo aliyoyatoa mwenyewe ni kwamba alikuwa amechoshwa na matundu ya kiusalama ya Sendmail, programu ya Eric Allman iliyozaliwa Berkeley na ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya barua za intaneti. Sendmail ilijua kufanya kila kitu, na penye kila kitu hapakosi tundu. Mwaka 1988 mnyoo wa Robert Tappan Morris, uliolemaza kompyuta nyingi za intaneti changa ya wakati ule, ulitumia mlango wa majaribio ulioachwa wazi ndani ya Sendmail kuwa mojawapo ya njia zake za kuingilia. Toleo la 1.0 la qmail lilitoka Februari 1997, na mwezi uliofuata mwandishi wake akaahidi dola 500 kwa mtu wa kwanza atakayechapisha tundu la kiusalama lenye uthibitisho. Toleo la 1.03 lilitoka Juni 1998. Baada ya hapo hakutoa jingine.

Dhana iliyoijenga qmail ni ile ambayo mtu aliyekulia katika nyumba ya watu wengi ataielewa bila darasa: si kila mtu apewe ufunguo wa kila chumba. Qmail si programu moja bali kundi la programu ndogo. Mmoja wao hupokea barua kutoka nje, mwingine huiweka kwenye foleni, mwingine huisukuma kwenda mashine za mbali, mwingine humkabidhi mwenyeji. Kila mmoja hufanya kazi kwa jina la mtumiaji wake, na majina hayo saba, alias, qmaild, qmaill, qmailp, qmailq, qmailr na qmails, hayaruhusiwi kugusa mali ya mwenzake ila kwa njia iliyopimwa. Mwizi akiingia kwa mlango wa mmoja, hajaingia nyumbani.

Leseni yake nayo iliandikwa kwa roho hiyohiyo ya kutoamini. Msimbo usioguswa uliruhusiwa kunakiliwa na kugawiwa. Aliyetaka kuubadilisha aliweza kuyagawa mabadiliko yake kama viraka tu, pembeni ya msimbo wa asili, kamwe si msimbo uliokwisha kushonwa viraka. Kifurushi kilicho tayari kusakinishwa kiliruhusiwa kwa sharti zito: kikisakinishwa, kizae faili zilezile, mahali palepale, ambazo mtu angezipata kwa kujenga mwenyewe, na kifanye kazi vilevile kama qmail ya kwingine kote. Bernstein alitaka aliyeizoea qmail katika mashine moja awe amezizoea zote. Makao yake ni saraka ya /var/qmail, na yabaki hapo.

Kwa wafungashaji wa Linux hilo lilikuwa kama kumwambia fundi cherehani ashone kanzu bila kugusa kitambaa. Kazi yao yote ni kugusa. Kifurushi, kama kinavyoeleweka katika Debian au katika familia ya Red Hat, si mfuko tu wa faili. Kina hati inayosema kimo nini, toleo gani, kinahitaji nini kingine ili kiishi, faili zake zikae wapi, na kitakapoondolewa kiondoke na nini. Mfumo endeshi ukiwa na hati hizo unajua kila faili ni ya nani. Usipokuwa nazo, faili huzagaa kama vyombo vya shughuli iliyokwisha: hakuna anayekumbuka sinia hili liliazimwa nyumba ipi. Debian ina kanuni zake juu ya mahali pa kila kitu. Faili za usanidi kwa mfano hukaa /etc. Qmail iliziweka ndani ya nyumba yake, na leseni ikakataza kuzihamisha.

Debian walipata njia ya kupitia, na njia hiyo yafaa kukumbukwa kwa sababu ya uungwana wake. Walitoa kifurushi kilichoitwa qmail-src ambacho ndani yake hamkuwa na qmail inayofanya kazi. Mlikuwa na msimbo chanzo, viraka, na amri moja, build-qmail. Mtumiaji alisakinisha kifurushi hicho, akaiita amri, na mashine yake mwenyewe ikaushona msimbo viraka, ikaujenga, ikazaa kifurushi cha pili, kile cha kweli, ambacho hakikuwa kimevuka mpaka wowote. Kwa kuwa hakugawiwa kitu kilichobadilishwa, leseni haikuvunjwa. Kila nyumba ilijiokea mkate wake kwa unga uleule.

Sababu ya pili iliyofanya kifurushi cha qmail kiwe kitu kigumu imejificha ndani zaidi. Katika mifumo ya aina ya Unix, jina la mtumiaji ni pambo kwa ajili ya binadamu. Mashine yenyewe hutambua namba. Programu nyingi hulijua jina tu na huuliza namba zinapoanza kazi. Qmail iliuliza mapema, wakati wa kujengwa, na jibu likagandishwa ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo watumiaji saba na vikundi viwili ilibidi wawepo kabla ya ujenzi kuanza, na qmail iliyojengwa katika mashine ambayo qmailq ni namba 1005 haikumjua qmailq wa mashine nyingine aliye namba 512. Ingemtafuta wa 1005, na huenda angekuwapo, mtu mwingine kabisa. Ilikuwa programu yenye kumbukumbu ya mahali ilipozaliwa.

Hayo yote yangebaki kuwa mambo ya mafundi kama si barua zenyewe. Mwaka 2003, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu alitwishwa kazi ya kuiangalia seva ya barua pepe ya chama kidogo cha Waswahili wa eneo hilo. Alitwishwa kwa sababu ile inayowatwisha watu kazi za namna hii katika vyama vyote vya ughaibuni: alisema, kikaoni, kwamba anajua kidogo mambo ya kompyuta. Seva ilikuwa kompyuta iliyokwisha kustaafishwa na mwenyewe, imewekwa sakafuni nyuma ya mlango katika nyumba ya katibu. Barua zilizopita humo zilikuwa kumbukumbu za vikao, mialiko ya Idi, maulizo ya vyumba vya kupanga, na mara kwa mara taarifa ya msiba: nani amefariki, matanga yako kwa nani, mchango wa kusafirisha mwili unapokelewa na nani na kwa akaunti gani.

Taarifa ya namna hiyo ikichelewa siku tatu si taarifa tena. Na zikibadilishwa tarakimu mbili tu za akaunti, watu sitini watakuwa wametoa rambirambi zao kwa mtu asiyefiwa. Hapo ndipo swali la nani aliyeijenga programu linapoacha kuwa la mafundi.

Yafaa kueleza kinachotokea barua inapopokelewa, maana ndiko uzito wote uliko. Itifaki ya kupelekeana barua pepe, ambayo Jon Postel aliiandika katika waraka wa RFC 821 wa Agosti 1982, ni mazungumzo ya adabu baina ya mashine mbili. Mtumaji hujitambulisha, humtaja aandikaye na aandikiwaye, huisoma barua yote, kisha humaliza kwa mstari wenye nukta peke yake. Mpokeaji hujibu kwa namba. Akisema 250, amekubali. Namba hiyo si salamu. Kuanzia hapo mtumaji ana ruhusa ya kuifuta nakala yake na kusahau. Jukumu limehama. Barua ikipotea baada ya 250, aliyeipoteza ni yule aliyeitamka.

Kiswahili kina neno la jambo hili, nalo ni amana. Kitu cha amana si mali ya aliyekishika, wala hawezi kujitetea kwamba alikuwa usingizini. Qmail ilikuwa na wivu juu ya neno hilo: haikutamka 250 mpaka barua iwe imeandikwa kwenye diski, si katika kumbukumbu ya muda inayoondoka na umeme. Barua zenyewe ilizigawa katika vijisaraka 23 ili foleni ndefu isichoshe diski. Ishirini na tatu ni namba tasa, na kwa mwanahisabati si jambo la ajabu kwamba ndiyo iliyochaguliwa.

Mwanafunzi yule aliamua kuijenga qmail kama kifurushi badala ya kuisakinisha moja kwa moja kwa amri za mwongozo, ingawa njia ya pili ingemgharimu jioni moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Masomo yangeisha baada ya mwaka na nusu, na mtu mwingine angeirithi mashine ile bila kujua kilichofanywa humo. Kifurushi kingebaki na hati yake. Kwa mfumo wa Red Hat Linux 9 aliokuwa nao, hati hiyo ni faili moja ya maandishi: mwanzoni jina na toleo, kisha maagizo ya kuuandaa msimbo, ya kuujenga, ya kuusakinisha katika saraka ya kando, orodha ya kila faili pamoja na mmiliki wake, na mwishoni historia ya mabadiliko, ambamo kila ingizo huanza kwa tarehe na jina la aliyelifanya. Faili hii moja ni sehemu ya kazi ambayo wengi huiona ni ukarani. Lakini ndani yake mjenzi hulazimika kuyasema waziwazi yote ambayo mikono yake ingeyafanya kimyakimya na kuyasahau.

Jaribio la kwanza lilikwama. Msimbo ulipita kwenye kompaila, ukagoma ulipofika hatua ya kuunganishwa, na lalamiko lilikuwa juu ya neno moja: errno. Hilo ni jina la mahali ambapo mfumo huacha namba ya kosa ili programu ikaisome. Qmail ilikuwa imelitangaza kwa mkono wake kama namba ya kawaida. Maktaba ya glibc, katika matoleo mapya ya wakati ule, ilikuwa imebadilisha jinsi namba hiyo inavyohifadhiwa, na aliyeitaka alipaswa kuiomba kupitia faili rasmi ya vichwa. Dawa yake ni mstari mmoja. Mamia ya watu walikuwa wameugundua mstari huo kabla yake, na mamia wengine wangeugundua baadaye, kila mmoja usiku wake.

Hapo ndipo leseni ilipoonyesha makali yake. Mstari mmoja ni badiliko. Qmail yenye mstari huo si qmail ya Bernstein, kwa hiyo kifurushi alichokijenga mwanafunzi yule kilikuwa halali kukitumia lakini si halali kumpa rafiki yake wa Leicester aliyekuwa na shida ileile. Angeweza kumpa msimbo usioguswa, kiraka, na hati ya ujenzi. Rafiki angejenga upya. Na alijenga upya, akapata qmail yenye namba nyingine za watumiaji, na, kwa kuwa alikuwa na mapenzi ya nyongeza, yenye viraka vitatu zaidi vya kuzuia barua taka.

Ni vigumu kutoiona kejeli iliyomo. Leseni iliyokusudiwa kuifanya qmail iwe moja dunia nzima ilizaa qmail elfu, kila moja na viraka vyake na siri za fundi wake. Hatimaye baadhi ya watumiaji wakongwe walikusanya viraka vilivyokubalika na wengi wakatoa netqmail, na utoaji wake ulikuwa wa unyenyekevu wa aina yake: ndani ya mkoba mmoja waliweka msimbo wa 1.03 usioguswa, faili ya viraka, na hati ndogo ya kuvishona pamoja nyumbani kwa mtumiaji. Hata hivyo haitakuwa haki kumlaumu Bernstein kwa yote. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kuisoma seva yake kwa sababu kilinyimwa njia ya kutoisoma. Mtu aliyewaunda watumiaji saba kwa mkono anajua kwa nini ni saba. Aliyebofya mara moja akasakinishiwa anajua tu kwamba inafanya kazi, mpaka siku itakapoacha.

Kila anayesafiri kutoka Heathrow au Muscat kwenda nyumbani anazijua sheria za mizigo kuliko anavyojua za leseni. Kuna dawa za presha za mama wa fulani, simu ya mtoto wa fulani, viatu, kasha la halua lililozungushiwa gundi ya karatasi. Havikatalwi, kukataa ni kuvunja udugu. Kisha kwenye kaunta anaulizwa na mtu asiyemjua: mzigo huu umeufunga mwenyewe? Jibu la kweli ni kwamba begi amelifunga mwenyewe, na vilivyomo vimefungwa na watu kumi na wawili. Husema ndiyo. Wote kwenye foleni husema ndiyo.

Anayejenga programu kutoka msimbo chanzo yuko kaunta ileile. Amefunga begi. Lakini kompaila ameipata kwa mwingine, maktaba kwa mwingine, hati za ujenzi kwa mwingine. Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alilisema jambo hili katika hotuba yake ya tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Alieleza jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kuitambua programu ya kuingilia mfumo na kupandikiza humo mlango wa uani, kisha ikafundishwa kujitambua yenyewe inapojengwa upya, ili upandikizaji uendelee hata baada ya kila alama yake kufutwa katika msimbo chanzo. Msomaji wa msimbo hataona kitu, kwa sababu kwenye msimbo hamna kitu. Kusoma kila mstari, kwa hoja hiyo, hakutoshi.

Kwa muda mrefu hoja ya Thompson ilisomwa kama fumbo la wasomi. Machi 2024 ililetwa sokoni. Programu ya xz haina uhusiano na barua pepe. Ni zana ya kubana faili. Ila yaliyoipata yanahusu ufungashaji moja kwa moja. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameusaidia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mkoba wa msimbo uliogawiwa kwa wafungashaji ulikuwa na kitu ambacho hakikuwemo katika hifadhi ya wazi ya mradi: mistari michache katika hati ya ujenzi iliyochomoa msimbo mwovu kutoka faili zilizoonekana kuwa za majaribio. Na mistari hiyo ilikuwa na akili. Ilichunguza kwanza kama ujenzi unaoendelea ni wa kifurushi cha Debian au cha RPM. Mtu aliyejijengea tu kwa udadisi hakupandikiziwa chochote. Waliolengwa walikuwa wale wanaojenga kwa niaba ya wengine.

Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi pia katika hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwa sababu kuingia katika mashine yake kwa SSH kulichelewa takriban nusu sekunde, naye hakuwa mtu wa kuiacha nusu sekunde ipite. Matoleo yale yalikuwa bado hayajaingia katika matoleo makuu ya Debian na Red Hat. Mengi yaliyoandikwa baada ya hapo yalimsifu mgunduzi, na anastahili. Machache yalikaa juu ya yule aliyekuwa akichoka: mtunzaji wa asili wa xz, aliyeibeba kazi hiyo kwa miaka bila msaada wa maana, akasukumwa na barua za lawama za watu wasiojulikana mpaka akampokea msaidizi wa kwanza aliyejitokeza kwa upole. Yeyote aliyewahi kuachiwa seva ya chama nyuma ya mlango wa katibu analijua chovyo la uchovu huo.

Qmail nayo ilikuwa na funzo lake la ufungashaji, na lilichukua miaka kumi na mitano kuiva. Mwaka 2005 Georgi Guninski alitangaza makosa ya hesabu katika qmail ambayo yangeweza kujitokeza katika mashine za biti 64 zenye kumbukumbu kubwa. Bernstein hakuyakubali kuwa tundu la kulipiwa tuzo: hakuna, alijibu, anayempa mchakato mmoja wa kupokea barua gigabaiti za kumbukumbu. Kwa namna qmail ilivyotarajiwa kuendeshwa alikuwa na hoja, kwani mwendeshaji aliwekea programu kikomo cha kumbukumbu. Lakini kikomo hicho hakikuwa ndani ya msimbo. Kilikuwa katika hati ya kuianzisha programu, yaani mikononi mwa msakinishaji na mfungashaji. Mei 2020 watafiti wa Qualys walionyesha shambulio linalofanya kazi dhidi ya kifurushi cha qmail cha Debian katika usanidi wake wa kawaida, wakipitia programu ya kukabidhi barua kwa mwenyeji, ambayo haikuwa na kikomo hicho. Msimbo ulikuwa uleule wa 1998. Mwandishi aliiacha sehemu moja ya ulinzi mlangoni, akiamini atakayepita ataichukua. Mfungashaji alipita akiamini ulinzi wote umo ndani.

Kufikia wakati huo leseni yenyewe ilikuwa imekwisha kuondoka. Novemba 2007 Bernstein aliiweka qmail katika milki ya umma. Tangu hapo yeyote aliruhusiwa kuijenga, kuibadilisha na kuigawa atakavyo. Wengi hawakungoja. Walikwisha kuhamia Postfix ya Wietse Venema au Exim ya Philip Hazel wa Cambridge, zilizokuja katika vifurushi bila masharti, na Exim ndiyo iliyokuwa seva ya kawaida ya barua katika Debian kwa miaka mingi. Courier, seva ya Sam Varshavchik, ilichukua njia ya katikati inayovutia: hati ya kujengea kifurushi imo ndani ya mkoba wa msimbo wenyewe, hivyo amri moja huzaa vifurushi vya RPM, na maelekezo yake husisitiza kwamba ujenzi usifanywe kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Msisitizo huo ni wa busara kuliko unavyoonekana. Kujenga ni kuendesha maagizo ya mtu mwingine, na hakuna sababu ya kumkaribisha mgeni jikoni ukiwa umemkabidhi na funguo za kabati.

Kuhusu swali la Thompson, jibu lililokaribia zaidi kutosheleza halikuja kwa kumwambia kila mtu ajenge kwake. Tangu mwaka 2013 watu wa Debian wamekuwa wakifanya kazi ya ujenzi unaorudufika: msimbo uleule, ukijengwa na watu wawili wasiojuana katika mashine mbili, uzae kifurushi kilekile, biti kwa biti. Maadui wa kazi hiyo ni vitu vidogo vya kuchosha, kama tarehe ya ujenzi inayojichapisha ndani ya faili, mpangilio wa majina ya faili unaotofautiana kati ya diski na diski, au jina la saraka ya mjenzi. Vikiisha kuondolewa kimoja kimoja, hakuna haja ya kumwamini mjenzi mmoja. Wajenzi wawili wakitofautiana, mmoja ana la kueleza. Ni mantiki ya mashahidi, na mahakama za kadhi hazingeiona ngeni.

Qmail ya asili isingeweza kupita mtihani huo. Namba za watumiaji zilizogandishwa ndani yake zingefanya mashine mbili zizae vitu viwili hata kama mikono yote miwili ni safi, na tofauti halali ingeificha tofauti haramu. Mwaka 2019 kulianzishwa mradi wa notqmail ili kuiendeleza programu hiyo kwa pamoja, na kuwarahisishia kazi wafungashaji ni miongoni mwa malengo yake. Mojawapo ya mabadiliko yake ya mapema lilikuwa kuzitoa namba hizo ndani ya programu: sasa huulizwa wakati wa kuanza kazi, kwa majina, katika mashine yoyote programu itakapojikuta.

Kifurushi cha mwanafunzi yule kilidumu miaka minne. Aliyekirithi, mwanamke aliyekuwa akisomea uuguzi, hakuwahi kuandika programu maishani mwake, lakini aliweza kuisoma hati ya ujenzi kutoka juu hadi chini, kwa kuwa maelezo yote yaliandikwa kwa Kiswahili. Diski ya mashine ilipokufa mwaka 2006 aliijenga upya katika kompyuta nyingine kwa siku mbili, akiwaunda watumiaji saba kwa namba zilezile zilizotajwa humo. Juu ya ingizo la mwisho katika historia ya mabadiliko aliongeza lake: tarehe, jina, na maneno matatu, nimejenga upya mwenyewe.